Uwanja wa Mpira na Amani katika Katanga

Mwaka wa 2013 Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 6 ya mwezi wa nne kuwa siku ya michezo kwa ajili ya maendeleo na amani, kwa ukumbusho wa Olimpiki zilizofunguliwa Athene siku ile ile katika 1896. Fikara ni njema. Lakini kwetu Katanga si mpya; ilifika zamani, tena mikononi mwa mapadri. Basi yafaa sisi tulio na kazi ya vijana, huku Sandoa na kwingineko, tutazame namna ilivyozaa na namna ilivyoshindwa.

Katika 1939 wamonaki Wabenedikto wa Institut Saint Boniface, Elisabethville, walianzisha timu kwa ajili ya waskauti wasiokusudia upadri. Wakaiita Saint Georges, jina la msimamizi wa waskauti. Baadaye iliitwa Saint Paul, halafu Englebert, ndilo jina la wenye kutengeneza mipira ya motokari. Leo ni Mazembe. Wamisionari walitaka kijana wa mjini apate kitu cha kufanya siku ya Mungu mchana, mbali na pombe. Kompani nazo zilipenda mchezo, maana mfanyakazi mwenye afya na utulivu ni faida. Nia hizo mbili zilitembea pamoja, na mara nyingi hatukuzitenga vizuri.

Mwezi wa kumi na mbili wa 1941 jambo hilo lilionekana wazi kwa uchungu. Bei za vita zilikuwa zimepanda, mshahara haukutosha, na wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma. Huko Elisabethville walikusanyika katika uwanja wa mpira. Gavana Maron alifika na askari. Askari wakapiga bunduki. Léonard Mpoyi, msemaji wa wafanyakazi, alianguka pale pamoja na makumi ya wenzake. Hesabu yao inabishaniwa mpaka leo. Mahali pa mchezo palikuwa vilevile mahali pa pekee penye nafasi ya kuwakusanya watu wengi. Aliyewapa mpira hakuwa amewapa haki.

Léopoldville nako palikuwa na Padri Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut, aliyejenga shule na viwanja, na katika 1952 ule mkubwa ulioitwa Roi Baudouin. Alikufa 1956. Tarehe 4 ya mwezi wa kwanza 1959 watu waliotoka kutazama mpira katika uwanja huo walichangamana na wale wa Abako walionyimwa mkutano wao, na mji ukawaka. Hatusemi kwamba padri alikosa. Leo uwanja huo una jina lake, na ni haki. Lakini mpira hauzimi hasira. Huikusanya tu, kwa heri au kwa shari.

Tuseme na upande wa heri. Katanga ilijitenga na Congo toka 1960 mpaka 1963, na damu nyingi ilimwagika. Huku kwetu vyama vya Conakat na Atcar viligawanya Walunda na Wachokwe waliokuwa wakioana na kuzikana. Miaka mitano tu baada ya vita hiyo, katika 1968, Congo ilishinda Ghana 1-0 huko Addis Ababa na kuchukua kombe la Afrika. Bao lilitiwa na Kalala, mchezaji wa Englebert ya Lubumbashi. Timu yake yenyewe ilichukua kombe la vilabu vya Afrika 1967 na 1968. Mji uliotaka kutoka katika nchi ukawa unaishangilia nchi! Hata hivyo katika 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, maelfu kwa maelfu, na jirani aliyekaa nao uwanjani hakuwazuia.

Kwa hiyo katekista anayeunda timu atazame kwanza nani wanavaa jezi moja. Timu ya Walunda ikicheza na timu ya Wachokwe, vita ya 1960 imepata refa tu. Afadhali kuwachanganya kabla ya firimbi, hata wakinuna. Tena wakati wa uchaguzi wanasiasa huleta mipira na jezi bure. Paroko akizipokea, azigeuze kwanza asome jina lililoandikwa mgongoni.