Kiti cha Santorio na Hesabu ya Uzito wa Siku Moja

Kitabu kidogo kiitwacho De statica medicina, kilichochapishwa Venice mwaka 1614, ndicho kilichoipa mizani nafasi katika elimu ya tiba ya Ulaya, kwani hadi wakati huo matabibu walizoea kuieleza afya kwa sifa za joto, baridi, ukavu na unyevu bila kuziwekea kipimo. Mwandishi wake, Santorio Santorio, mzaliwa wa Capodistria mwaka 1561 na mwalimu wa utabibu katika Chuo Kikuu cha Padua, alijitengenezea kiti kilichoning'inia kwenye mizani kubwa ya aina ile ambayo jiwe husogezwa juu ya mkono wenye alama mpaka pande mbili zilingane. Alikalia kiti hicho wakati wa kula, naye alikwisha kuipanga mizani kwa namna ambayo kiti kilishuka kidogo mara tu kiasi cha chakula alichojiwekea kilipotimia, hata kama sahani ilikuwa bado na kitu.

Uzito wa vyote vilivyoingia mwilini ulilinganishwa na uzito wa haja kubwa na ndogo, na hapo ndipo hesabu ilipokataa kukaa sawa. Santorio alieleza kwamba mtu akila na kunywa ratili 8 kwa siku, ratili 5 hivi huondoka mwilini bila kuonekana. Jambo lenyewe halikuwa geni, maana tangu Galen matabibu walifundisha kuwa mwili hutoa mvuke usiohisika kupitia vinyweleo na pumzi. Jipya lilikuwa idadi. Aligundua pia kwamba uzito wa mtu mzima mwenye afya haukai pahali pamoja, bali hupanda na kushuka kwa kufuata usingizi, hali ya hewa na aina ya chakula, na akadai kuwa hata wanaume huongezeka ratili moja au mbili kila mwezi kisha wakarudi walipokuwa. Kutokana na hayo alijenga fundisho zima kwamba afya husimama juu ya utokaji huo usiohisika, na hapo, kusema kweli, alidai zaidi ya kile ambacho mizani ilimwonyesha: mizani hutoa jumla tu, haisemi jumla hiyo imeundwa na nini.

Kulikuwa na upungufu mwingine uliokaa katika hesabu hizo kwa zaidi ya karne moja na nusu. Santorio alipima kilichopita kinywani lakini hakuweza kupima hewa iliyovutwa, ambayo nayo ina uzito. Mkemia Antoine Lavoisier wa Paris ndiye aliyeonyesha kwamba kupumua ni namna ya uchomaji wa polepole, ambapo oksijeni huingia na kutoka ikiwa imeungana na kaboni ya mwilini, yaani ikiwa kabonidayoksaidi. Kuanzia mwaka 1790, akishirikiana na Armand Seguin, alitafuta njia ya kutenganisha kinachotoka kwenye ngozi na kinachotoka mapafuni. Seguin alivikwa vazi la tafeta lililopakwa utomvu wa mpira, lisilopitisha mvuke, likiwa na tundu moja tu lililogandishwa kuzunguka midomo, kisha akapimwa kwenye mizani akiwa na vazi hilo na bila hilo. Marie-Anne Paulze, mke wa Lavoisier, alichora majaribio ya upumuaji, naye mwenyewe akajichora pembeni mezani akiandika kumbukumbu. Lavoisier alikatwa kichwa tarehe 8 Mei 1794, kazi ikiwa haijakamilika.

Karne ya 19 ilijaza mapengo. Katika miaka ya 1860, Max von Pettenkofer na Carl Voit wa Munich walimweka mtu ndani ya chumba kilichofungwa ambacho hewa yake ilichunguzwa ilipoingia na ilipotoka. Kwa hesabu za sasa, mtu mzima aliyetulia katika nchi isiyo na joto kali hupoteza karibu lita moja ya maji kwa siku kupitia ngozi na pumzi, na kaboni ya gramu 200 hadi 300. Ndiyo maana anayelala usiku kucha bila kwenda msalani huamka akiwa mwepesi kuliko alivyolala.

Mabadiliko makubwa zaidi ya siku chache, hata hivyo, yamo katika maji yanayobaki. Mwili hulinda kiwango cha chumvi katika majimaji yake, takriban gramu 9 kwa lita, kiasi kwamba chumvi ya gramu 9 ikibaki mwilini hubaki na karibu lita moja ya maji. Glaikojeni nayo, yaani wanga unaohifadhiwa katika ini na misuli, ambayo Claude Bernard aliitenga na kuipa jina mwaka 1857, huhifadhiwa pamoja na maji yenye uzito wa mara tatu hivi ya uzito wake. Kwa hiyo anayeacha ugali na wali ghafla huiona mizani ikishuka kilo moja au mbili katika siku za mwanzo, ilhali kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba nishati ya takriban kilokalori 7,700, ambayo ni matumizi ya mtu wa kawaida ya siku tatu au zaidi akiwa hajala chochote.