Jiwe la Groto: Mikono Iliyojenga Embakasi

Anayeingia Tassia, mtaa wa Embakasi jijini Nairobi, kutoka Barabara ya Outer Ring huona mawe kabla ya kuona watu: ghorofa juu ya ghorofa, jiwe la kijivu lililokatwa mraba na kupangwa kwa uzi na timazi. Uani mwa kanisa jiwe hilohilo hubadilishwa tabia. Kwenye groto ya Bikira Maria fundi hutakiwa alipange ovyo kwa makusudi, lichomoze hapa, lizame pale, mpaka ukuta ufanane na pango. Kwa mwashi hilo si jambo jepesi. Mkono uliozoea pimamaji hukataa kupinda.

Pango linaloigwa liko Lourdes, Ufaransa, ambako mwaka 1858 Bernadette Soubirous, binti wa msagaji nafaka, alisema amemwona Bikira Maria. Mapadre wa Roho Mtakatifu walioanzisha misheni ya St. Austin, Nairobi, mwaka 1899, mwaka uleule reli ilipofika, walikuwa Wafaransa. Si ajabu ibada ya pango nayo ikapata makao huku. Mawe walikuwa nayo chini ya miguu: Nairobi imekaa juu ya miamba ya volkano, mingine laini kiasi cha kukubali tindo na nyundo.

Lakini historia ya jiwe katika nchi hii haiwezi kusimuliwa kwa mapadre peke yao. Teremka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, utakuta kando ya barabara kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitalia waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Wasafiri husimama, hupiga picha, huwasifu wajenzi, nao walistahili.

Sasa rudi Embakasi. Miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, watu waliokamatwa kwa tuhuma za kuhusika na Mau Mau, uasi dhidi ya wakoloni, walichimba na kuponda mawe kwa mikono ili uwanja wa ndege ujengwe. Ulifunguliwa mwaka 1958, na leo unaitwa Jomo Kenyatta. Kutoka Tassia ndege husikika zikishuka. Kanisa la Waitalia lina wageni wake. Hawa wa Embakasi ni nani asimamaye barabarani kuwapiga picha? Wote walikuwa mateka, na wote walishika mawe.

Ndiyo maana groto ya mtaani, hata ikiwa na sanamu ya plasta na rangi ya buluu iliyozidi, mimi huitazama kwa heshima. Hakuna aliyeshurutishwa kuijenga. Tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua miaka ya 1970 kuweka jumuiya ndogo ndogo za waumini kuwa msingi wa uhai wa Kanisa, kazi kama hizi zimekuwa za jumuiya: huyu analeta saruji, yule mchanga, mwingine anamleta shemeji yake aliye fundi. Mabaki ya machimbo, vile vipande visivyofaa ukuta wa ghorofa, ndiyo yanayopendwa hapa. Palipo na fedha kidogo huongezwa mabamba ya mawe ya Mazeras kwenye njia ya maandamano, au kisima cha maji ya baraka cha jiwe laini la Tabaka, Kisii, ambalo huchongwa likiwa na unyevu kisha husuguliwa kwa msasa na maji hadi ling'ae.

Adui wa yote haya ni udongo. Embakasi ina udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Msingi usipochimbwa hadi kwenye mwamba, pango hufunguka mdomo wa pili. Kwa hiyo sikukuu ya somo wa parokia inapokaribia, kabla ya kwaya kugombania sare na kina mama kugawana sufuria, kuna kikao cha watu wachache waliosimama mbele ya groto, mmoja akipitisha kidole kwenye ufa, mwingine akiuliza mwaka jana ilitumika mifuko mingapi ya saruji.