Mgeuko Unaorudi Nyuma: Msuko na Usawiri wa Wahusika katika Hadithi za Katuni za Batman, 1939–2015

Makala hii inahusu mgeuko wa msuko katika hadithi za upelelezi za Batman. Mgeuko unachukuliwa hapa kuwa ni pale hadithi inapouacha mwelekeo iliokuwa ikiufuata, ikamwonyesha msomaji jambo asilolitarajia lakini ambalo, akitazama alikotoka, anakiri kwamba lilikuwa limetayarishwa. Katika Poetiki, Aristotle aliusifu zaidi mgeuko unaokwenda pamoja na utambuzi, na mfano wake ni Oedipus: mfalme anamtafuta muuaji, na muuaji ni yeye mwenyewe. Ni kisa cha upelelezi kabla ya kuwapo kwa jina hilo. Hata hivyo, Oedipus akishajitambua, hadithi imekwisha. Batman akishatambua lolote, mwezi ujao ni lazima awepo tena, kwa umri uleule, joho lilelile na siri ileile. Swali la kihistoria linalotokana na hali hiyo ni hili: utambuzi unaelekezwa wapi pale mhusika mkuu anapokuwa amekatazwa kubadilika?

Jibu linalotetewa hapa ni kwamba ulielekezwa nyuma. Kwa kuwa mlango wa wakati ujao ulikuwa umefungwa na biashara ya magazeti ya kila mwezi, waandishi waliufungua mlango wa wakati uliopita. Usawiri wa Batman na wa maadui wake ulijengwa kwa kuandika upya yale yaliyokwisha kutokea, na mwandishi aliyeifanya kazi hiyo mapema na kwa ustadi zaidi alikuwa Bill Finger.

Tuanze na toleo la 27 la Detective Comics, la Mei 1939, lililoandikwa na Finger na kuchorwa na Bob Kane. Gazeti hilo lilikuwa limeanza Machi 1937 na lilijaa wapelelezi wa kawaida. Kisa chenyewe ni cha kurasa sita tu. Kamishna Gordon yuko na kijana tajiri Bruce Wayne simu inapoleta habari za kuuawa kwa Lambert, mfanyabiashara wa kemikali. Wabia wa Lambert wanaandamwa mmoja baada ya mwingine, na mwishowe inabainika kwamba muuaji ni mmoja wao, Stryker, aliyetaka kampuni iwe yake peke yake. Ufichuzi huo hauna uzito mkubwa. Finger mwenyewe alikiri kwamba alikiunda kisa hicho kwa kufuata hadithi ya The Shadow, na wachunguzi waliofuata wameitambua hadithi hiyo kuwa ni ile iliyochapishwa mwaka 1936 kwa jina la Partners of Peril.

Mgeuko wenye nguvu uko katika visanduku vya mwisho kabisa, baada ya kesi kufungwa. Gordon anamsimulia Wayne mambo yalivyokwenda, na moyoni anamwona kijana huyo kuwa ni mtu asiyejali lolote. Kisha mlango wa chumba unafunguka na anayetoka ni Batman. Uvivu wa Wayne, ambao msomaji aliupokea kama maelezo ya mhusika, unageuka kuwa vazi la pili. Mbinu hii ilikuwa tayari imezoeleka katika hadithi za mashujaa wa barakoa, lakini matokeo yake kwa mfululizo huu yanastahili kuzingatiwa. Siri kubwa kuliko zote ilitumika siku ya kwanza, na karata hiyo haichezwi mara mbili. Kuanzia toleo la 28 msomaji alikuwa anajua jambo ambalo Gordon halijui.

Toleo la 33, la Novemba 1939, lilijaza pengo kwa kurasa mbili tu. Mtoto anawaona wazazi wake wakiuawa na mnyang'anyi barabarani, anaapa kulipiza kisasi kwa wahalifu wote, anakua, na popo anaingia dirishani. Muuaji hana jina. Hapo paliachwa nafasi ambayo waandishi walirudi kuichimba kwa miongo kadhaa.

Mwaka uliofuata ulionyesha jinsi wakati ujao ulivyofungwa. Katika toleo la kwanza la gazeti la Batman, mwaka 1940, Joker alipangiwa kufa: katika hadithi yake ya pili anajichoma kwa kisu chake mwenyewe. Mhariri Whitney Ellsworth aliona kwamba adui mzuri kiasi hicho hapaswi kupotezwa, na kisanduku kimoja kikaongezwa mwishoni kumwonyesha akiwa hai. Katika toleo hilohilo Batman anafyatua bunduki ya rashasha kutoka katika ndege yake, na baada yake Ellsworth alikataza asiue tena. Kwa maamuzi hayo mawili, adui hafi na shujaa haui. Wahakiki wengi huisoma amri ya pili kama suala la maadili na ile ya kwanza kama suala la biashara. Kwa maoni yangu zote mbili ni amri za msuko, kwa sababu zilimwondolea mwandishi miisho miwili ambayo hadithi ya upelelezi huitegemea.

Finger alijibu mwaka 1948, katika toleo la 47 la Batman. Batman anachunguza kampuni ya malori inayosafirisha wahalifu kwa siri, na katika mmiliki wake anaitambua sura aliyoiona utotoni. Muuaji sasa ana jina: Joe Chill. Lakini mpelelezi hana ushahidi, kwa kuwa shahidi pekee ni yeye mwenyewe, na ushahidi wake hauwezi kutolewa bila kuitoa siri yake. Ndipo anapofanya jambo ambalo hakuna msomaji wa 1939 angelitarajia. Anaivua barakoa mbele ya muuaji. Chill anawakimbilia watu wake na kuwaambia kwamba yeye ndiye aliyemfanya Batman awe Batman, na wao, kwa hasira, wanampiga risasi kabla hawajakumbuka kumuuliza Batman ni nani.

Kisa hiki kinatimiza masharti yote ya mhariri. Shujaa hakuua, siri haikutoka, na mwezi ujao mambo yataendelea. Hata hivyo, usawiri umebadilika. Mtu aliyezoea kuficha uso wake ameutumia uso huo kama silaha, naye alijua, au alipaswa kujua, ungempeleka Chill wapi. Hadithi yenyewe hailisemi jambo hilo, inamwachia msomaji. Kuna pia badiliko dogo ambalo ni rahisi kulipita. Mwaka 1939 mama, Martha Wayne, aliuawa kwa risasi. Mwaka 1948 anakufa kwa sababu moyo wake dhaifu haukustahimili mshtuko. Kila marudio ya kisa hiki yaliyojadiliwa hapa yanamwongezea muuaji maisha, na baadaye yatamwongezea baba. Mama haongezewi chochote. Yeye habebi siri yoyote, na katika hadithi ambazo siri ndiyo inayompa mhusika kina, huko ni kunyimwa usawiri.

Mbinu hiyohiyo ilitumiwa kwa Joker katika toleo la 168 la Detective Comics, Februari 1951. Batman anaalikwa chuo kikuu kufundisha elimu ya uhalifu, na anawapa wanafunzi kesi iliyomshinda miaka kumi nyuma: mwizi aliyejiita Red Hood, aliyetumbukia katika maji machafu ya kiwanda cha karata na asionekane tena. Uchunguzi wa darasani unaifikia sura ya Joker, aliyetoka katika maji hayo akiwa na ngozi nyeupe na nywele za kijani. Ikumbukwe kwamba kwa miaka kumi na moja Joker alikuwa hana asili, na hakuna msomaji aliyelalamika. Mgeuko huu haujibu swali lililokuwapo. Unaliunda swali na jibu lake kwa pamoja, kisha unayafanya yaonekane kama deni la zamani lililolipwa.

Hadithi iliyo bora zaidi katika kundi hili, kwa maoni yangu, ni ile ya toleo la 235 la Detective Comics, Septemba 1956. Bruce anagundua kwamba baba yake, daktari Thomas Wayne, aliwahi kuvaa vazi la popo katika karamu ya mavazi ya kuigiza, na akiwa na vazi hilo akapambana na genge la Lew Moxon. Moxon akafungwa, na alipotoka akamtuma Joe Chill kulipiza. Chill aliagizwa amwache mtoto hai, ili aseme kwamba wazazi wake waliuawa na mnyang'anyi wa kawaida. Kumbukumbu iliyomwongoza Batman tangu toleo la 33 inageuka kuwa ushahidi uliopandwa na mhalifu. Mpelelezi alikuwa sehemu ya udanganyifu tangu utotoni, na alidanganya kwa kusema kweli aliyoiona. Hapa Finger anamkaribia Oedipus kuliko mwandishi mwingine yeyote wa magazeti hayo. Kisha anarudi nyuma hatua moja. Moxon amepoteza kumbukumbu kwa ajali. Batman anamtokea akiwa na vazi la marehemu baba yake. Moxon anakumbuka, anadhani ameona mzuka, anakimbilia barabarani na kugongwa na lori. Tusisahau mwaka. Mwaka 1954 Fredric Wertham alikuwa amechapisha kitabu chake cha kuyashutumu magazeti ya katuni, kamati ndogo ya Seneti ya Marekani ikawa imewahoji wachapishaji, na wachapishaji wakajiwekea kanuni zilizodai uhalifu uadhibiwe katika kila kisa. Lori lile linatekeleza kanuni hiyo bila kuuchafua mkono wa shujaa.

Hoja hii ingekuwa dhaifu kama migeuko ya wakati ujao nayo ingedumu. Haikudumu. Mwaka 1964, chini ya mhariri Julius Schwartz, mtumishi Alfred aliuawa katika toleo la 328 la Detective Comics. Miezi michache baadaye akazuka adui asiyeonekana, Outsider, aliyezijua siri zote za nyumba ya Wayne. Mfululizo wa televisheni ulipoanza Januari 1966 ulikuwa na Alfred ndani yake, na gazeti likalazimika kumfufua: katika toleo la 356, Oktoba 1966, Outsider akabainika kuwa ni Alfred mwenyewe, aliyegeuzwa umbo na akili kwa jaribio la mwanasayansi. Kifo kilichokusudiwa kuwa cha kweli kilisomwa upya kama dalili.

Katika toleo la 232 la Batman, Juni 1971, Dennis O'Neil na Neal Adams walijaribu njia nyingine. Ra's al Ghul anaingia katika pango la Batman akiwa tayari anaijua siri yake, na anamwita kwa cheo cha mpelelezi. (Jina lake ni la Kiarabu, msomaji wa Kiswahili, anayelijua neno rasi, atalielewa upesi kuliko wasomaji wengi wa Marekani.) Huu ni upelelezi halisi: Batman anautegua mtego kwa kutafakari mwenendo wa watu waliomzunguka. Lakini anachokitegua ni mtihani, kwa maana Ra's anatafuta mkwe na mrithi. Mpelelezi ndiye aliyekuwa akipelelezwa.

Mwaka 1988 unastahili kutazamwa kwa takwimu. Wasomaji waliombwa kupiga simu kuamua kama Jason Todd, Robin wa pili, afe au apone. Kura 5,343 zilitaka afe, kura 5,271 zilitaka apone, na kwa tofauti ya kura 72 akafa, baada ya Jim Aparo kuchora kurasa za miisho yote miwili. Kwa mara moja wakati ujao ulifunguliwa, na funguo wakapewa wanunuzi. Mwaka 2005 Jason alirudi akiwa hai, akiwa amejificha chini ya jina lipi? Red Hood. Hata uliokuwa mgeuko wa mbele ulifutwa kwa kurejelea kisa cha 1951. Mwaka uleule wa 1988, katika The Killing Joke, Alan Moore na Brian Bolland walikuwa wamekirudia kisa hicho cha kiwandani kwa mbinu rejeshi, kisha wakamfanya Joker akiri kwamba yeye mwenyewe huikumbuka asili yake kwa namna zinazotofautiana. Huo ndio mpaka wa mbinu hii: wakati uliopita ukiandikwa upya mara nyingi mno, mhusika mwenyewe huacha kuuamini.

Inabaki asili moja ambayo magazeti hayo hayakuifichua kwa muda mrefu. Kane alikuwa amejipatia haki ya kutajwa peke yake kama muundaji, na Finger alikuwa mwandishi aliyeajiriwa naye. Mwaka 1965 Finger alizungumza hadharani kuhusu mchango wake katika mkutano wa wapenzi wa katuni mjini New York, na Kane akaandika barua ya kuukana. Finger alifariki mwaka 1974. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1989, Kane alikiri kwamba mwenzake alistahili kutajwa, lakini maandishi ya utambulisho hayakubadilika. Yalibadilika Septemba 2015, baada ya utafiti wa Marc Tyler Nobleman na madai ya mjukuu wa Finger, pale kampuni ya DC ilipotangaza kwamba jina lake litaandikwa. Mtafiti anayezisoma leo nakala za awali za toleo la 47, la 168 na la 235 bado hatalikuta humo jina la aliyeziandika.