Vyombo vya kale kwenye meza ya fundi: vilikotoka na kwa nini havijatupwa

Ukifungua ubavu wa osiloskopu ya Tektronix iliyotengenezwa Oregon, Marekani, katika miaka ya 1950, jicho haliendi kwanza kwenye valvu wala kwenye transfoma. Linakwenda kwenye safu za vibao vyeupe vya kauri vyenye meno. Kati ya jino na jino kuna kijifereji kilichopakwa fedha, na humo ndimo miguu ya rezista na kapasita ilimolazwa na kulehemiwa. Pembeni, ndani kabisa ya chombo, mara nyingi utakuta kijiroli cha risasi ya kulehemia. Hakikusahauliwa na mfanyakazi wa kiwandani. Kimewekwa makusudi, kwa sababu risasi ya kawaida huila ile fedha ya kwenye kauri kila inapoyeyushwa, hadi kiungo kinakataa kushika. Risasi ya kwenye kijiroli imechanganywa na fedha kidogo, kwa hiyo haina njaa.

Kiwanda, kwa maneno mengine, kilimwekea akiba fundi ambaye hakikumjua na ambaye pengine alikuwa hajazaliwa. Kilijua kwamba siku moja chombo kitafunguliwa.

Hapo ndipo penye jibu la swali ambalo vijana wa elektroniki huuliza wanapoona picha za meza za mafundi wa nyumbani Ulaya, Japani na Marekani, zimesheheni mita za mshale na masanduku ya kijivu yenye umri wa miaka 50 au 70: kwa nini mtu ahangaike na vitu hivi, wakati mita ya kidijitali inauzwa kwa bei ya chakula cha mchana? Wengine huhangaika kwa mapenzi tu, na mapenzi hayaulizwi. Lakini wengi wana sababu, na sababu hizo zina historia.

Historia yenyewe tunaweza kuianzia London, mwaka 1923. Donald Macadie alikuwa mhandisi wa Posta ya Uingereza, shirika ambalo wakati ule ndilo lililoendesha simu na telegrafu. Fundi wa simu alilazimika kubeba chombo cha kupimia mkondo, kingine cha volti na kingine cha ukinzani. Macadie alichoka, akavitia vyote katika sanduku moja lenye mshale mmoja na swichi ya kuchagulia. Chombo kikaitwa AVO, yaani ampea, volti na omu. Kile cha kwanza kilipima umeme wa moja kwa moja tu. Umeme wa kubadilika ulikuja baadaye.

Toleo lililojenga jina ni Model 8, lililotoka mwaka 1951. Ni sanduku jeusi la bakelaiti lenye mkanda wa ngozi wa kubebea, zito kiasi cha kukaa imara mezani bila kuvutwa na waya zake. Lina swichi mbili kubwa za kuzungusha, moja ya umeme wa moja kwa moja na nyingine ya umeme wa kubadilika. Chini ya mshale kuna ukanda mwembamba wa kioo cha kujitazamia. Kazi yake ni kumzuia fundi kujidanganya: ukiuona mshale na kivuli chake kwenye kioo vimelaliana, jicho lako liko wima juu ya namba, ukiviona viwili, umeinama upande na usomaji wako una kosa. Na ukipima kwa haraka, ukatia volti nyingi mahali pasipostahili, kitufe cha usalama kinaruka na kukata njia kabla koili haijaungua. Mita nyingi za leo za bei ya chini zinakuachia fyuzi, na wakati mwingine hata hiyo hakuna.

Model 8 iliendelea kutengenezwa, kwa marekebisho ya hapa na pale, mpaka mwaka 2008. Ni vigumu kupata chombo kingine cha umeme kilichodumu sokoni miaka 57 huku sura yake ikibaki ileile.

Upande wa pili wa Atlantiki, meza ya nyumbani yenyewe ndiyo iliyozaa kiwanda. Mwaka 1939, katika gereji ya nyumba namba 367 ya barabara ya Addison mjini Palo Alto, California, William Hewlett na David Packard walianza kampuni kwa mtaji wa dola 538. Bidhaa yao ya kwanza, 200A, ilikuwa chombo cha kuzalisha mawimbi ya sauti kwa ajili ya kupimia vikuza sauti. Vyombo vya aina hiyo vilikuwapo tayari, ila vilikuwa ghali, na mawimbi yake yalipanda na kushuka bila utulivu. Hewlett akatatua jambo hilo kwa balbu ndogo ya taa. Mawimbi yakizidi nguvu, waya wa balbu hupata joto, ukinzani wake huongezeka, na mawimbi hurudi chini. Yakipungua, waya hupoa na mambo hugeuka. Balbu ya senti chache ilifanya kazi ambayo wengine waliifanya kwa saketi nzima, na chombo kikauzwa dola 54.40. Rangi ya vibao vya mbele ilikaushwa kwenye oveni ya jikoni kwa mke wa Packard, Lucile. Studio za Walt Disney zilinunua nane za toleo lililofuata, 200B, kwa ajili ya mfumo wa sauti wa filamu ya Fantasia iliyotoka mwaka 1940.

Hata hivyo, mtu wa kawaida asingeweza kujaza meza yake kwa bei za viwandani. Kilichomfungulia mlango ni vita.

Rada ilihitaji mirija ya kuonyesha mawimbi, valvu, transfoma, mita na waya kwa wingi ambao dunia haikuwahi kuuona. Vita vilipokwisha mwaka 1945, majeshi yakabaki na maghala ya bidhaa zisizo na kazi, yakaziuza kwa bei ya kutupa. Mjini New York zilimiminika katika maduka ya mtaa wa Cortlandt, uliojulikana kama Radio Row, ambao ulibomolewa mwaka 1966 kupisha majengo ya World Trade Center. London zilikwenda Lisle Street. Tokyo, vibanda vya vipuri vya redio baada ya vita ndivyo vilivyokua na kuwa Akihabara ya leo. Waingereza wasio na uwezo wa kununua televisheni walijiundia za kwao kwa mrija wa rada wa VCR97, wenye kioo cha inchi 6 na mwanga wa kijani. Familia ilikaa sebuleni kutazama watu wa kijani, na ilishukuru.

Huko Benton Harbor, Michigan, Howard Anthony alikuwa na kampuni ndogo aliyoinunua mwaka 1935, Heath, ambayo awali ilikuwa ya ndege za kujiundia. Baada ya vita alinunua shehena ya masalia ya jeshi, ikiwemo mirija ya rada, akajiuliza ataifanyia nini. Mwaka 1947 akatangaza osiloskopu ya dola 39.50, inayokuja kwa vipande ndani ya boksi pamoja na kitabu cha maelekezo. Mnunuzi aiunde mwenyewe. Mwaka uleule Tektronix iliingiza sokoni osiloskopu yake ya kwanza, 511, kwa dola 795.

Ukizilinganisha bila kujua, utadhani Tektronix walikuwa wanyang'anyi. Sivyo. Osiloskopu nyingi za wakati ule zilionyesha umbo la wimbi tu, tena likitelezateleza kwenye kioo. Howard Vollum, aliyefanya kazi ya rada wakati wa vita, aliunda 511 ili ufagiaji wa kioo uanzishwe na wimbi lenyewe, picha itulie, na kila mstari wa kioo uwe na muda unaojulikana. Kutoka hapo osiloskopu ikawa chombo cha kupimia, si cha kutazamia tu. Lakini bila ile ya Heath kusingekuwa na meza ya nyumbani, kwa sababu ndiyo iliyowafundisha maelfu ya watu kulehemu, kusoma mchoro na kutoogopa kufungua kifuniko. Kwa maoni yangu, kati ya vyombo hivyo viwili, kile cha dola 39.50 ndicho kilichobadilisha maisha ya watu wengi zaidi, ingawa kilikuwa duni.

Kisha vikaja vitabu vya maelekezo, na hapa ndipo pa kukaa kidogo. Ukinunua osiloskopu ya Tektronix 545 ya miaka ya 1950, yenye uzito wa karibu kilo 30, ulipewa kitabu chenye mchoro wa kila saketi, thamani ya kila kipuri, volti zinazotakiwa kila sehemu na hatua za kuirekebisha. Hapakuwa na siri. Katika miaka ya 1960 wachoraji wa kampuni walifikia hatua ya kuficha vikatuni ndani ya michoro hiyo, mtu mdogo hapa, mnyama pale. Vitabu hivyo vingi vimekwisha kunakiliwa na wapenzi wa fani, na vinapatikana bure kwenye intaneti. Jaribu leo kumwomba mtengenezaji wa runinga mchoro wa ubao mmoja tu, uone utakachojibiwa.

Mita za kidijitali zilianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Andrew Kay wa kampuni ya Non-Linear Systems alitoa voltimita ya kidijitali katika miaka ya 1950, lakini ilikuwa kubwa na ya bei ya maabara. Ilipofika mwaka 1977 kampuni ya Fluke ikatoa 8020A, ya kushikwa mkononi, na maabara zikaanza kuviondoa vyombo vya mshale na vya valvu. Vikaenda kwenye minada ya vyuo, kwenye maghala, na kwenye magulio ya wapenzi wa redio kama lile la Dayton, Ohio.

Mtu aliyeipa heshima meza ya namna hii ni Jim Williams, mhandisi wa saketi za analogi katika kampuni ya Linear Technology, California. Alikusanya osiloskopu za zamani, akazitengeneza kwa mkono wake nyumbani, na aliandika kwa kirefu kuwahimiza wahandisi wenzake wawe na maabara ya nyumbani yenye vyombo vilivyotumika, ambavyo vinaweza kuwa bora na vya bei nafuu. Alipofariki mwaka 2011, meza yake ya kazini, ikiwa imefunikwa na waya, vipuri na vyombo kiasi cha kutoonekana mbao yake, iliwekwa kwenye maonyesho katika Jumba la Makumbusho ya Historia ya Kompyuta, Mountain View.

Kwetu Afrika Mashariki mshale haujawahi kuondoka. Pita Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, utaona mita za mtindo wa Sanwa YX-360TR ya Kijapani, au nakala zake, mikononi mwa mafundi ambao wana ya kidijitali pia. Si ukaidi. Gusisha ncha kwenye kapasita nzima: mshale unaruka, kisha unarudi polepole. Ukiruka na kubaki juu, kapasita imeungana. Usiporuka kabisa, imekauka. Namba za kidijitali zinapishana tu bila kukupa habari hiyo kwa jicho moja. Ila mgeni ajihadhari: kwenye kipimo cha omu cha mita hizi, waya mweusi ndio unaotoa chanya. Wengi wametupa dayodi nzima kwa kutolijua hilo.

Anayetaka kupanga meza yake aanze na mita nzuri ya mshale na ya kidijitali kando yake, kisha pawa saplai yenye kikomo cha mkondo, kisha kizalisha mawimbi, na osiloskopu mwishoni. Chombo cha Marekani kitazamwe nyuma kwanza, kwani vingi vilifungwa kwa volti 117 na sisi tunatumia 230. Transfoma nyingi za Tektronix zinaweza kubadilishwa miunganisho zikapokea volti zetu, na kitabu kinaeleza namna. Usikichomeke moja kwa moja chombo kilicholala miaka 30. Kapasita zake za elektroliti zimesahau kazi, na zile za karatasi huenda zinavuja umeme. Chombo kisichokula umeme mwingi kiwashe kupitia balbu ya wati 100 iliyofungwa kwa mfululizo: ikiwaka sana na isififie, kuna kinachopitisha umeme isivyo, zima utafute. Osiloskopu kama 545 ina volti 10,000 kwenye mrija wake, na kapasita hubaki na chaji hata baada ya plagi kutolewa. Usikate waya wa ardhini wa plagi kwa sababu umeona fundi fulani akifanya hivyo. Na usiunganishe klipu ya ardhi ya osiloskopu kwenye upande wa umeme mkubwa wa pawa saplai ya runinga. Ni mlipuko mmoja tu, na runinga ya mteja imekwenda.

Kama nyumbani kwenu kuna mita ya baba au ya babu iliyofungiwa kabatini, ifungue leo utoe betri, kwa maana kemikali inayovuja huua mita nyingi kuliko matumizi. AVO Model 8 inatumia betri ya volti 15 ambayo imeadimika. Betri 5 za saa za volti 3, zikipangwa kwa mfululizo, zinaifanya kazi hiyo vizuri.