Neno "Serikali": Asili Yake na Tafsiri ya Wananchi

Nchini Kenya, toka pwani hadi Naitiri, baina ya Bungoma na Kitale, hudaiwa kwamba neno "serikali" ni muungano wa "siri" na "kali". Kiisimu, dai hili halina mashiko. Asili ya neno ni Kiajemi, "sarkar": "sar" ni kichwa, na "kar" ni kazi, yaani msimamizi wa shughuli. Kamusi za Kiswahili za karne ya 19 huliandika "serkali". Irabu ya pili iliingia baadaye kutenganisha konsonanti. Hapo "siri" haimo.

Hata hivyo, tafsiri ya wananchi haifai kubezwa. Katika Kiganda, "omusirikale" ni askari: neno lilifika bara likiandamana na bunduki. Naitiri nayo ilikuwa katika eneo la mashamba ya walowezi, yaliyogawiwa wananchi baada ya uhuru wa 1963. Mahali ambapo ardhi ilitwaliwa kwa amri, "siri kali" haielezi neno lilikotoka, bali lilivyopokewa. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010, inayompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, inaijibu tafsiri hiyo, si etimolojia.