Pembe, Mifupa na Visanduku vya Italia

Mwaka 916 msafiri Mwarabu Al-Masudi alifika pwani ya Zanj, yaani Afrika Mashariki, na baadaye akaandika kwamba pembe za ndovu za huku hupelekwa Omani, kisha India na China. Nyingine zilifika bahari ya Mediterania. Karne ya 12, huko Sicilia, mafundi walipasua pembe za ndovu kuwa vibao vyembamba, wakaviunga kwa vijiti vya pembe hizohizo, wakachora juu yake ndege na swala kwa rangi na dhahabu.

Mwishoni mwa karne ya 14 pembe ziliadimika Ulaya. Hapo ndipo ukoo wa Embriachi, kwanza Florence kisha Venice, ulipogeukia mifupa ya ng'ombe na farasi. Waliichonga sura za watu, wakaipanga kuzunguka kisanduku, na kingo wakazipamba kwa nakshi ya vipande: vijiti vya mbao za rangi mbalimbali, mfupa na pembe ya ng'ombe viligandishwa kwa gundi kuwa fungu moja, kisha fungu likakatwa kwa msumeno vipande vyembamba, kila kipande na ua lilelile. Visanduku vingi vilikuwa vya harusi. Msukuma wa Bariadi, ambaye mahari kwake ni ng'ombe, hana haja ya kuelezwa kwa nini mfupa wa ng'ombe ulistahili kuingia nyumbani kwa bibi harusi. Mimi naviona hivi kuwa bora kuliko vya pembe, kwa kuwa thamani yake yote imetoka mkononi mwa fundi.

Karne ya 19 pembe zilirudi kwa wingi, na safari hii Usukuma ilihusika moja kwa moja. Bayege, chama cha wawindaji wa tembo, walikuwa na dawa, nyimbo na miiko yao. Wapagazi wa Kisukuma na Kinyamwezi walibeba begani mizigo ya frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Kutoka Unguja pembe zilisambaa: bangili Bombay, vibonye vya piano Marekani. Miaka hiyohiyo mafundi Gatti wa Roma na Pogliani wa Milano walipata sifa kwa samani za mbao nyeusi zilizochomekwa pembe iliyochorwa.

Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989. Tembo waliobaki karibu na Usukuma wako Pori la Akiba Maswa na Serengeti, na wakivuka mpaka wa hifadhi huwamalizia mahindi wakulima wa Meatu, Itilima na Bariadi. Katika Umoja wa Ulaya nako, tangu 2022, anayeuza kisanduku cha kale cha pembe hutakiwa kuwa na cheti cha kuthibitisha kwamba kilitengenezwa kabla ya tarehe 3 Machi 1947. Cheti hicho kinataka umri wa kisanduku. Makumbusho yangeweza kuongeza mstari mmoja chini ya jina la fundi: pembe hii ilibebwa na wapagazi.