Jina la Kiswahili, Maelezo ya Kigeni: Makumbusho ya Elimu Viumbe na Mkoa wa Songwe

1. Utangulizi



Makumbusho ya elimu viumbe kwa kawaida huchukuliwa kuwa nyumba ya mifupa, mawe na wanyama waliokaushwa. Mhadhara huu unayatazama kama taasisi ya lugha. Kitu hakiwekwi katika kabati la kioo kabla ya kupewa jina. Kikishawekwa huandikiwa maelezo. Na mgeni anapofika husimuliwa habari zake. Kutaja, kueleza na kusimulia ni kazi za lugha. Hoja ninayokusudia kuitetea ni kwamba Kiswahili kimekwisha kupata nafasi katika kutaja, ilhali katika kueleza, ambako ndiko maarifa yaliko, bado kinasubiri mlangoni.

Nitaichunguza hoja hii kwa kusimama Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, katika Mkoa wa Songwe ulioundwa mwaka 2016 kutokana na Mkoa wa Mbeya. Mahali hapa panafaa. Upande wa kaskazini iko Mbozi, penye kimondo mashuhuri. Mbele yake ni bonde la Rukwa, penye visukuku. Na ng'ambo ya mto Songwe, mpakani mwa Tanzania na Malawi, iko nchi yenye makumbusho ya Karonga.

2. Kimondo cha Mbozi

Kimondo cha Mbozi kiko katika kilima cha Marengi. Ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Zaidi ya asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli. Wenyeji walikifahamu tangu zamani. Wageni walikijua mwaka 1930, baada ya mpima ardhi W. H. Nott kukitolea habari. Desemba ya mwaka huohuo, D. R. Grantham wa idara ya jiolojia alitumia saa 10 na msumeno wa kawaida wa chuma kukata kipande cha sentimita 10 hivi. Kipande hicho, chenye kilo 1.1, kikaenda London. Pande lenyewe likabaki kilimani. Mwaka 1967 serikali ilikitangaza kimondo hiki kuwa kumbukumbu inayolindwa kisheria.

Neno lenyewe lina historia. Pwani, kimondo ni nyota inayoanguka, na kwa Waislamu wengi limefungamana na imani kwamba vimondo ni makombora wanayopigwa mashetani wanaodukiza habari za mbinguni. Katika nchi ya Wanyiha neno hilohilo limepata maana ya kitu kinachoshikika. Anayewaongoza wanafunzi pale kilimani hana budi kutofautisha mwako unaopita angani na chuma kilichofika ardhini, na yote mawili huyataja kwa neno moja. Hiyo ni kazi ya istilahi, na hufanyika kila siku bila kamati yoyote.

3. Siasa ya majina

Visukuku vina historia ndefu zaidi ya kutajwa. Kati ya mwaka 1909 na 1913, makumbusho ya Berlin yalichimba Tendaguru, Lindi, na kusafirisha zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake. Dinosaria mkubwa kuliko wote waliosimamishwa huko, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, aliitwa mwaka 1914 Brachiosaurus brancai, kwa heshima ya Wilhelm von Branca, aliyekuwa mkuu wa makumbusho hayo. Mwingine alipewa jina la Jenerali Lettow-Vorbeck. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, alingoja hadi mwaka 2007, ndipo spishi moja ya Tendaguru ilipoitwa Australodocus bohetii.

Tangu hapo mwelekeo umebadilika. Mwaka 2010, mamba wa kale wa bonde la Rukwa, mwenye meno yanayofanana na ya mamalia, aliitwa Pakasuchus kapilimai: neno letu paka likaungana na neno la kale la mamba, na jina la pili likamuenzi hayati Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2017 akafuata Shingopana songwensis, na mwaka 2019 Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyetajwa kwa mto Mtuka na kwa pingili za mkia zenye umbo la moyo.

Mwanaisimu hawezi kuyapita majina haya kimya. Shingo inabeba kivumishi chake sawasawa; mnyama na moyo vinafuatwa na wa inayostahili. Upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili umeingia mzimamzima katika orodha ya kisayansi ya dunia. Hata hivyo, makala zilizotangaza majina hayo ziliandikwa kwa Kiingereza. Mkulima wa Songwe analielewa jina bila kamusi. Makala inayosema mnyama huyo aliishi lini, alikula nini na amejulikanaje, imefungwa kwake.

4. Funzo la ng'ambo

Karonga si mji mkuu wa Malawi. Hata hivyo, tangu mwaka 2004 una makumbusho yake, ambamo dinosaria aliyechimbuliwa wilayani humo, Malawisaurus, anaonyeshwa kwa watu wa hapo. Mifupa yake ilielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1928, na jina hilo akapewa mwaka 1993.

Sidai kwamba kila wilaya ijengewe makumbusho. Sampuli za asili zinahitaji ulinzi na wataalamu, na ni haki ziwe mali ya Makumbusho ya Taifa. Lakini nakala ya plasta inaweza kufika Itumba kwa gari, na maelezo yanaweza kufika kwa karatasi. Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila kibali cha utafiti wa visukuku kiambatane na sharti la muhtasari wa Kiswahili, wenye istilahi zilizofafanuliwa. Pili, muhtasari huo upelekwe kwanza katika shule za eneo ulikofanyika uchimbaji.

Huenda mtu akauliza: kwa nini Kiswahili, wakati Ileje inazungumza Kindali na Kilambya? Swali ni la haki. Lugha hizo zina majina ya mawe, udongo na wanyama ambayo mtafiti angefaidika kuyasikia, na msimulizi mzuri atayatumia. Lakini Kiswahili ndicho kinachomwezesha mtoto wa Itumba kusoma habari ileile anayoisoma mtoto wa Lindi.

5. Hitimisho

Kwa karne moja tumetoka katika majina ya wakuu na majenerali hadi kufikia shingo, moyo na mkia. Hayo ni mafanikio, na yanatudai. Jina ni ahadi kwamba maelezo yatafuata. Anayeitwa Shingopana ana haki ya kuelezwa kwa lugha iliyompa jina.